Mawe ya Roma yanakungoja baada ya kilomita ya 32

Swali la msomaji: "Shikamoo kocha. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Arusha, nina miaka 41. Nimekimbia marathoni ya Kilimanjaro mara mbili, na ya mwisho nilimaliza kwa saa 4 na dakika 18. Kaka yangu anaishi Roma, amenishawishi nikakimbie marathoni ya huko mwezi Machi. Wenzangu wa mazoezi wananitisha. Wanasema mji wote umetandikwa mawe ya zamani na nitarudi sina magoti. Je, ni kweli? Nivae viatu gani? Na je, ninaweza kushuka chini ya saa 4? Kaka naye anauliza asimame wapi anione."

Marahaba, Mwalimu.

Tuanze na magoti, maana naona ndiyo yanayokunyima usingizi. Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya tafiti nyingi za wakimbiaji, ulikuta kulika kwa viungo vya goti na nyonga kwa asilimia 3.5 ya watu wanaokimbia kwa afya na kujifurahisha. Kwa watu wasiokimbia, wale wa kukaa tu, ilikuwa asilimia 10.2. Waliozidi hapo, kwa asilimia 13.3, ni wakimbiaji wa mashindano ya juu, wanaokimbia kilomita nyingi mno kwa miaka mingi. Wewe ni wa kundi la kwanza. Asubuhi moja juu ya mawe haiwezi kukutoa huko. Kama goti lako halina maumivu leo kwenye lami ya Arusha, nenda Roma bila hofu. Kama lina maumivu, hilo ni suala la daktari sasa hivi, na mawe hayahusiki.

Kinachochoka kwenye mawe ni sehemu nyingine: mashavu ya miguu, kano za visigino, uvungu wa wayo, na akili. Kwenye lami mguu unatua mahali palepale, kwa namna ileile, maelfu ya mara. Kwenye mawe kila hatua ina pembe yake. Kifundo cha mguu kinajirekebisha kushoto na kulia, vidole vinashika, na misuli midogo ambayo kwenye lami ilikuwa imelala inaamka na kufanya kazi ya kulipwa. Macho nayo hayapumziki. Ukishakuwa umekimbia saa tatu, kazi hiyo ndogo inageuka kubwa. Hapo ndipo watu wanapojikwaa, misuli inapokaza, na kasi inapoporomoka huku mapafu bado yana nguvu.

Mawe yenyewe ni ya mlipuko wa volkano, meusi na magumu, mengi yana upana wa kama sentimita 12, yamepangwa juu ya mchanga bila kushikwa kwa saruji kama tulivyozoea. Kwa sababu hiyo hucheza kidogo kwa uzito wa magari, mengine yakazama, mengine yakainuka. Yakikauka yanashika soli vizuri. Yakilowa yanateleza, hasa yale yaliyolainishwa na miaka mingi ya matairi. Mvua ya Machi ni kitu cha kawaida Roma, kwa hiyo jiandae kwa hali zote mbili.

Wenzako wamekosea kwenye neno "wote". Sehemu kubwa ya njia ni lami ya kawaida: kando ya mto Tiber, kuelekea kanisa la Mtakatifu Paulo nje ya kuta, na kaskazini upande wa viwanja vya Foro Italico. Mawe yapo mwanzoni kidogo, kwenye barabara ya Via dei Fori Imperiali karibu na Colosseum, halafu yanarudi kwa wingi mwishoni, mbio zinapoingia tena katikati ya mji wa kale: Piazza Navona, Piazza del Popolo, Piazza di Spagna, Piazza Venezia. Ramani hubadilika kidogo mwaka hadi mwaka, kwa hiyo pata ya mwaka wako na uiweke alama. Ila mpangilio wenyewe haubadiliki sana: lami inakupumbaza kwa saa nyingi, kisha mawe yanakupokea ukiwa umechoka. Roma ni mbio ambayo ugumu wake umewekwa mwishoni, na kila ninachokuambia hapa chini kinatokana na jambo hilo.

Mazoezi basi. Una bahati ya kuishi Arusha. Mwenzako wa Ulaya kaskazini huhangaika kutafuta ardhi mbovu, wewe unayo ukitoka tu mlangoni. Kosa ninaloliona kwa wakimbiaji wengi ni kuanza mazoezi marefu kwenye barabara ya vumbi wakiwa wazima na kumalizia kwenye lami, kwa sababu nyumba iko upande wa lami. Geuza. Mazoezi marefu ya Jumapili yaanze kwenye lami, na kilomita 5 hadi 7 za mwisho ziwe kwenye changarawe au njia ya mawe ya mtaani. Vitofali vya pevingi navyo vinafaa, ingawa viko sawa mno. Mwili unatakiwa ujifunze kutua vibaya ukiwa umechoka. Kujifunza hilo ukiwa na nguvu hakukusaidii sana.

Kwenye sehemu hiyo ya mwisho fupisha hatua na uziongeze idadi. Mguu utue chini ya mwili wako, usiurushe mbele, maana mguu ulio mbele ndio unaokanyaga ukingo wa jiwe na kupinduka. Tazama mita tano hadi nane mbele. Ukitazama vidole vyako utachelewa kuona kila kitu, na mgongo utajikunja, na pumzi itabanwa. Mikono iachie ipanuke kidogo kutoka mbavuni, isaidie mizani.

Ukiwa nyumbani, mara tatu kwa wiki, simama kwa mguu mmoja ukipiga mswaki, kisha macho yakiwa yamefumbwa. Panda na kushuka kwa ncha za vidole kwenye ngazi, taratibu, kushuka kuwe polepole kuliko kupanda. Tembea peku kwenye nyasi za uwanja wa shule. Haya ni mazoezi ya dakika kumi, hayana jasho wala sifa, na kwa Roma nayathamini kuliko kuongeza kilomita kumi kwa wiki. Anza sasa. Kano ya kisigino inajengeka polepole sana, na ukiianza wiki nne kabla ya safari utaichokoza tu.

Kuhusu viatu, huwezi kuzungumzia Roma bila Abebe Bikila. Tarehe 10 Septemba 1960, kwenye Olimpiki, Mwethiopia huyo alikimbia marathoni ya mji huo peku na kushinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16.2. Ulikuwa muda bora kuliko wote duniani, ukiupita ule wa Sergei Popov wa Urusi ya Kisovieti kwa chini ya sekunde moja. Mbio zilianzia kwenye kilima cha Campidoglio jioni jua likishuka na kuishia kwenye tao la Konstantino usiku, askari wakimulika njia kwa mienge. Sehemu ya njia ilipita barabara ya kale ya Appia, ambayo mawe yake ni makubwa kuliko haya utakayoyakuta wewe. Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco alishikamana naye karibu hadi mwisho, na akafika sekunde 25 nyuma yake. Bikila alikuwa ameambiwa amchunge Rhadi kwa namba ya kifuani, 26. Rhadi akavaa 185, kwa hiyo Bikila alikimbia muda mrefu akimtafuta mbele mtu aliyekuwa ubavuni mwake.

Alichagua mahali pa kumwacha. Ilikuwa karibu na mnara wa Axum, ambao Waitalia waliung'oa Ethiopia wakati wa uvamizi wao na kuusimamisha Roma mwaka 1937. Hapo Bikila aliongeza kasi. Mnara huo ulirudishwa nyumbani mwaka 2005 na kusimamishwa tena Axum mwaka 2008. Mimi kila ninapowaza juu ya jioni ile hunisisimka mwili: mlinzi wa mfalme, peku, anapita mbele ya kitu cha kwao kilichochukuliwa kwa nguvu, na anapita akiwa mbele ya dunia nzima. Mahali uliposimama mnara ni Piazza di Porta Capena, penye ncha moja ya uwanja wa Circus Maximus, ambako mbio zimekuwa zikimalizikia miaka ya karibuni. Utakapofika hapo, angalia.

Sasa usije ukavua viatu. Bikila alikuwa amefanya mazoezi peku kwa muda mrefu, nyayo zake zilishakuwa ngumu. Viatu vipya alivyojaribu Roma vilimbana na kumtoa malengelenge, ndiyo maana yeye na kocha wake Onni Niskanen wakaamua aende peku. Miaka minne baadaye, Tokyo, alivaa viatu na akashinda tena kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11.2, wiki chache tu baada ya kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Mwaka 2010, ilipotimia miaka 50 tangu ushindi wa Roma, Mwethiopia mwingine, Siraj Gena, alivua viatu mita mia chache kabla ya utepe na kushinda mbio hizo peku kwa heshima ya Bikila. Naye alivua akiwa mbele bila mtu wa karibu nyuma yake, na kwa mita mia chache tu. Funzo ninalotaka ulichukue kutoka hadithi ya 1960 ni la viatu vipya. Kwenye maonyesho unakochukulia namba ya kifuani utakuta vibanda vya viatu vya kila rangi, kwa bei ya kukuvuta. Pita. Kimbia na viatu ulivyokwisha kuvikimbilia walau mazoezi marefu mawili.

Viatu gani? Siku hizi kila mtu anataka vile vyenye sponji nene na bamba la kaboni. Kwa lami ya Berlin ni sawa. Kwa mawe ya Roma, na kwa mtu wa kasi yako, sivishauri. Soli iliyoinuka na isiyo pana inayumba kila inapokanyaga ukingo, na bamba gumu linauzuia wayo kujikunja kufuata jiwe. Tafuta kiatu cha mazoezi cha kawaida, chenye soli pana, sponji ya wastani, na mpira halisi chini, maana sponji tupu juu ya jiwe lililolowa huteleza. Kisigino kishikwe vizuri. Funga kamba kwa kutumia lile tundu la juu kabisa ambalo wengi huliacha. Kama una miguu inayovimba, acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, kwa sababu mguu ukisukumwa huku na huku kwenye mawe kucha ndizo zinazoumia kwanza.

Tuje kwenye saa 4, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

Roma haigawi muda kwa urahisi. Kwenye mashindano ya dunia ya 1987, Douglas Wakiihuri wa Kenya alishinda marathoni ya mji huo kwa saa 2, dakika 11 na sekunde 48, na kuwa Mkenya wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa marathoni. Muda bora duniani wakati huo, wa Carlos Lopes wa Ureno, ulikuwa saa 2, dakika 7 na sekunde 12. Ni kweli mbio za ubingwa huwa za kuviziana, na Septemba ya Roma ina joto. Lakini hata mbio za kila mwaka zenye washindi wa saa 2 na dakika 6 au 7 ziko mbali na zile za Berlin, ambako Eliud Kipchoge alikimbia saa 2, dakika 1 na sekunde 9 mwaka 2022. Tofauti inatokana na mambo mengi, pamoja na fedha na wakimbiaji wanaoalikwa. Kona, mawe na vilima vidogo ni sehemu yake.

Hata hivyo mawe yasiwe kisingizio. Tarehe 1 Aprili 2017, Joyciline Jepkosgei wa Kenya alivunja rekodi ya dunia ya nusu marathoni ya wanawake ndani ya Prague, mji mkongwe wenye mawe na reli za tramu kwenye njia ya mbio, kwa saa 1, dakika 4 na sekunde 52. Hakuna mwanamke aliyekuwa ameshuka chini ya dakika 65 kabla yake. Mtu aliyejiandaa anakimbia popote.

Wewe una faida mbili. Umefanya saa 4 na dakika 18 Moshi, kwenye joto, na kwenye ule mpando wa kuelekea Mweka unaokuja nusu ya pili. Halafu unaishi na kufanya mazoezi kwenye kimo cha karibu mita 1,400, wakati Roma iko karibu na usawa wa bahari. Utakapoanza kukimbia utahisi pumzi imejaa, kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Furahi, lakini usiiamini hisia hiyo kabla ya kilomita ya 30.

Kipimo changu ni hiki. Mwezi wa kumi na mbili au wa kwanza, kimbia nusu marathoni kwa nguvu kwenye njia isiyo na vilima vikubwa. Ukimaliza chini ya saa 1 na dakika 54, saa 4 za Roma zinawezekana. Ukizidi saa 1 na dakika 58, liache lengo hilo kwa mji mwingine na ukimbie Roma kwa kufurahia. Katikati ya hapo, uamuzi ni wako na hali ya hewa ya siku hiyo.

Mpango wa saa 4 haugawanyi kasi sawasawa. Kilomita 5 za kwanza, zenye msongamano na mawe, kimbia dakika 5 na sekunde 50 kwa kilomita. Usikatize huku na huku kupita watu, unajiongezea njia tu. Kuanzia hapo hadi kilomita ya 32, kwenye lami, kaa kwenye dakika 5 na sekunde 35. Utafika kibao cha kilomita ya 32 kwa saa 3 kamili, ukiwa na saa nzima kwa kilomita 10.2 zilizobaki. Hizo unaruhusiwa kurudi kwenye dakika 5 na sekunde 50, na utamaliza ukiwa na karibu nusu dakika ya akiba. Ukifika kibao hicho kwa saa 2 na dakika 55 usijipongeze, umekimbia kasi mno na mawe yatakudai.

Nimesema kibao kwa makusudi. Saa ya GPS hudanganya kwenye mitaa myembamba yenye majengo marefu pande zote, kwa sababu mawimbi ya setilaiti hugonga kuta kabla ya kufika mkononi. Itakuonyesha umekimbia zaidi ya ulivyokimbia. Isitoshe, njia rasmi hupimwa kwa baiskeli maalumu kwa kufuata mstari mfupi kuliko yote, sentimita 30 kutoka ukingoni, na mkimbiaji wa kawaida ndani ya umati hawezi kuufuata mstari huo. Bonyeza saa yako kwa mkono kila kibao, au andika muda wa kila kilomita 5 kwenye karatasi ufunge mkononi. Kwenye kona kata kwa ndani, ila kwenye mawe usikimbilie ukingoni kabisa: huko barabara imelala upande na kuna mifuniko ya chuma ya mifereji, ambayo ikilowa ni barafu tupu.

Kuhusu ratiba. Marathoni ya Kilimanjaro huwa mwishoni mwa Februari, wiki chache tu kabla ya Roma. Najua utashawishika kukimbia zote mbili, ukiwa Arusha na wenzako wote wakielekea Moshi. Usikimbie ile ndefu. Kimbia nusu, kwa utulivu, iwe zoezi lako gumu la mwisho la mpando, kisha punguza.

Chakula sina mengi: kula ulichozoea. Beba unga wako wa uji kama uji ndiyo kifungua kinywa chako kabla ya mazoezi marefu. Vituo vya maji viko takribani kila kilomita 5, tumia kila kimoja hata kama kuna baridi. Asubuhi ya Machi mara nyingi iko chini ya nyuzi 10, kwa hiyo vaa sweta kuukuu ambalo hutalisikitikia kulitupa mstarini.

Kuna jambo moja la karatasi linalowaangusha wageni wengi. Italia inadai cheti cha daktari kwa yeyote anayeshiriki mbio za ushindani, na bila hicho hupewi namba hata kama umelipa. Soma masharti ya waandaaji kwa wageni, chukua fomu yao, mpelekee daktari mapema, na upime moyo hata kama hawakulazimishi. Kwa umri wa miaka 41 ni jambo jema kwako mwenyewe. Maombi ya viza ya Schengen, ile ya kuingilia Italia na nchi nyingi za Ulaya, yanapokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, kwa hiyo usingoje mwezi wa pili. Barua ya mwaliko ya kaka yako iandaliwe pamoja na uthibitisho wa usajili wa mbio.

Na huyo kaka, mwambie asisimame mwanzoni. Pale kuna watu maelfu, hamtaonana, na hutamhitaji. Akusubiri Piazza del Popolo au mtaa wa jirani, mradi ahakikishe kwenye ramani ya mwaka huo kwamba ni katika kilomita za mwisho, na akuite jina lako kwa sauti ya Kiswahili, maana huko ndiko utakakokuwa unayahesabu mawe. Ukishapita, aingie kituo cha metro cha Flaminio kilicho palepale, achukue mstari A hadi Termini, abadilishe mstari B ashuke Circo Massimo. Akienda bila kuchelewa atafika kabla yako. Abebe sweta kavu na kandambili.